Alijisahau

Saa mbili na robo asubuhi, karani wa kiwanda cha kufua shuka za hoteli alifungua daftari la ajali na kukuta mstari wa tano ukimsubiri. Ile minne ya juu aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, na yote iliishia na neno moja. Mpiga pasi aliungua vidole, alijisahau. Mpiga pasi aliungua kiganja; alijisahau. Ungelisoma daftari lile ungedhani kiwanda kinaajiri watu wasiojua kwamba wana mikono.

Safari hii aliyeungua alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, na karani ndiye aliyemtafutia kazi ile. Jana yake rola ya kupigia pasi ilimvuta mkono wa kulia. Zamani mbele ya rola kulikuwa na kinga, chuma chembamba kilichozima mashine kila mkono ulipokaribia mno. Meneja aliifungua akaiweka stoo, kwa kuwa ilichelewesha shuka. Kila mtu alilijua hilo. Na kila Jumatatu, mkutano ukifika mwisho na meneja akiuliza, "Kuna lingine?", watu waliangalia viatu vyao na kumeza maneno.

Jumanne hiyo maneno yakaanza kutokea kwenye shuka.

Yalitoka kwenye rola yakiwa yamenyooka, herufi za kahawia zenye ukubwa wa kiganja. Shuka ya kwanza ilisema: Kinga iko stoo, nyuma ya ndoo. Ya pili: Naiogopa mashine hii. Ya tatu ilikuwa na matusi, na mwenyewe alijulikana papo hapo, maana hakuna mwingine aliyetukana kwa ufasaha ule. Zilifuliwa upya zikatoka vilevile. Mkunjaji, mama wa makamo, aliendelea kukunja huku akigeuzia maandishi ndani.

"Hii yangu," alisema. "Nimekaa nayo tangu mwaka juzi."

Meneja alikuja, akasoma mbili tatu, akalalamika kwamba moja ilikuwa imekosewa tahajia. Kisha akamgeukia karani.

"Daftari umeshajaza?"

"Bado."

"Andika alijisahau, tumalize."

"Siandiki, bosi. Wifi yangu hakujisahau. Kinga uliitoa wewe. Kama neno hilo unalipenda, kalamu hii hapa."

Alimsukumia daftari. Meneja aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kuku. Tangu hapo shuka zenye maneno ya karani hazikutoka tena, kwa sababu alikuwa ameshayasema.

Meneja hakuwa mjinga. Jambo hilo aliliona upesi. Kesho yake alianzisha kikao cha kila asubuhi, akakiita Kikao cha Ukweli, viti vikapangwa duara na chupa ya chai ikaletwa.

"Semeni jamani, msiogope," aliwahimiza. "Humu ndani hakuna mkubwa wala mdogo."

Watu wakasema. Ilikuwa raha kusema, wengine walilia. Wifi alisimama na mkono wake wa bendeji akasema, "Rudisha kinga." Meneja aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa ujasiri wake. Siku hiyo shuka zote zilitoka nyeupe pe, na siku iliyofuata pia. Hoteli zikapiga simu kusifu. Kinga ilibaki stoo, na wifi akarudishwa kwenye mashine, akaingiza shuka kwa mkono wa kushoto.

Karani alimtazama wifi yake wiki nzima. Jumatatu aliwakusanya wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Huyu meneja anatukamua," alisema. "Akishatukamua, anatuanika. Leo hatusemi kitu."

"Tunyamaze?" aliuliza mkunjaji. "Si ndivyo tulivyokuwa?"

"Tulinyamaza kwa kumwogopa. Leo tunanyamaza makusudi. Kila mtu alimeze lake, asibakize hata neno."

Kikaoni meneja alihimiza, akabembeleza, akatania, mwishowe akaanza kuwaita mmoja mmoja. Mkunjaji alisema chai ina sukari ya kutosha. Wengine walimeza, na koo zilisikika.

Asubuhi ile zilitoka shuka mia nne, na ilikuwa kazi kupata mahali peupe pa kubandika lebo. Lori lilifika saa sita, na hoteli haziwezi kulaza wageni kwenye magodoro matupu, kwa hiyo zilipakiwa hivyo hivyo. Baada ya siku chache hoteli moja iliandika barua kuomba maandishi yawekwe upande wa miguuni, maana wageni walikuwa wanakesha wakisoma. Meneja alijibu kwamba ombi limepokelewa. Kuhusu kinga hakujibu, kwani barua haikuiuliza.

Ijumaa alisimama mbele ya rola, tai imelegea.

"Hivi mnataka nini hasa?"

Wifi alivuta shuka iliyotoka muda huo huo kwenye rola, akaikunja mara moja, akamwekea mikononi. Meneja aliiachia ikaanguka sakafuni.

"Inaunguza!" alisema, akipuliza vidole.

Kila mtu pale alikuwa na neno la kumjibu, lile la daftarini. Wakalimeza, na wifi akaingiza shuka nyingine.