Majina Aliyoyaita Tiyezge

Klabu yetu ya vijana pale Bwengu hukutana kila Jumamosi alasiri katika ghala la zamani la mahindi. Mimi, Khumbo Mkandawire, ndiye mwalimu wao wa stadi za maisha: kukataa bila matusi, kuomba kazi, kutuliza ugomvi, kuomba msaada panapotokea hatari. Nilipewa kitabu cha mwongozo kwenye semina ya siku nne, na nakiri kwamba mengine niliyasoma tu kama yalivyoandikwa, mwenyewe sina hakika nayo.

Tiyezge Msowoya alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mwenye kigugumizi kikali. Mwaka mzima alikaa nyuma, akisikiliza. Siku ya somo la hatari nilisema, "Ukiupigia kelele umati, kila mtu atadhani unamwambia mwenzake. Mchague mmoja. Mtazame. Mwite kwa jina, umpe jambo moja la kufanya."

Suzgo, mcheshi wetu, akadakia, "Na Tiyezge je? Mpaka amalize jina, mwenyewe keshazeeka!"

Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, lori la petroli lilipinduka kwenye kona chini ya soko. Dereva alitolewa hai, mkono umevunjika. Petroli ikawa inatiririka mtaroni, na ilikuwa imeadimika kwa miezi miwili. Mara watu wakajaa na ndoo, madumu, hata sufuria za kupikia nsima, ugali wetu. Nilipanda juu ya jiwe nikapiga kelele hadi sauti ikakauka: "Ondokeni! Litalipuka!"

Hakuna aliyeondoka. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, kama huna ndoo si useme tu!"

Hapo nikamwona Tiyezge akishuka. Hakukimbia. Alisimama mbele ya mama mmoja aliyeinama akichota, akamtazama.

"Nya... Nya... NyaMsiska."

Ilichukua muda. Mama yule akainua uso. Mtu akihangaika vile na jina lako, huwezi kumpa kisogo.

"M-mtoto yuko m-mgongoni. Mpeleke sh-shuleni."

NyaMsiska akapapasa mgongo wake kama aliyesahau kwamba amebeba mtu. Akaiacha ndoo, akapanda mlima kuelekea shuleni.

Tiyezge akamwendea wa pili. "V-Vitumbiko. Usiwashe p-pikipiki. Isukume." Kijana akaisukuma. "Baba Ch-Chawinga, mshike b-bibi mkono."

Alimjua kila mtu. Miaka yote ile ya kunyamaza, kumbe majina yetu yote yalikuwa kwake. Hakuruka hata moja, hakuharakisha hata moja, na petroli ilimfika vifundoni. Kando yangu Suzgo alikuwa ameshika dumu. Akalitupa, akaenda kuita majina upande wa pili, taratibu kama Tiyezge. Nami nikafuata.

Wa mwisho alikuwa mzee Gondwe. "Niache, binti. Dumu langu halijajaa."

"Ba... Ba... Babu G-G-Go..."

Jina likakwama. Tiyezge hakuliacha. Macho yake yalikuwa kwa mzee, jasho likimtiririka, mpaka mzee mwenyewe akashindwa.

"Haya, haya, nimesikia! Usije ukafa kwa ajili ya jina langu."

Wawili hao walikuwa wamefika ukuta wa shule lori lilipowaka. Ardhi ilitikisika, moto ukapanda juu kuliko miti, na joto lake likatupiga usoni hata pale tuliposimama. Vibanda vitatu vya nyanya viliteketea. Watu tuliwahesabu mara mbili. Hakupungua hata mmoja.

Kisha NyaMsiska, mtoto angali mgongoni, akaja akapiga magoti mbele ya binti yule, kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimu chifu. Mama mwingine akapiga magoti. Na mwingine. Tiyezge akawa analia, akijaribu kuwainua mmoja mmoja, nao hawainuki.

Nilivua kofia yangu, nikabaki nimeishika.