Shahidi Aliyeinamisha Macho

Ghala la Uweso lilikuwa bado linanuka moshi pale Ngamiani askari walipopiga hodi kwa jirani yake, Mwamvua. Mumewe hakuwa na hata miezi miwili kaburini, naye yumo edani. Mwanamke wa eda hasimami mlangoni na wanaume asiowajua. Aliitikia nyuma ya pazia.

Sajenti Lucas alisema wamekuja kupekua. Ghala limeungua juzi, ukuta wake na wa nyumba hii ni mmoja, na mwenye ghala anamshuku mjane. Anamshuku! Uweso huyohuyo aliyemwandama marehemu miaka nenda miaka rudi amwachie kiwanja, leo ndiye wa kushuku watu.

"Hati ya upekuzi mnayo?" Mwamvua akauliza.

"Mama, huu ni moto. Moto hausubiri hati."

"Moto si mliuzima juzi ninyi na zimamoto, afande? Ulipokuwa unawaka mlipita na mipira yenu ya maji mpaka uani, sikuuliza neno. Leo mnazima nini?"

Sajenti alimwita mjumbe wa mtaa, Mzee Sadalla, aingie ashuhudie, maana sheria inataka shahidi asiye askari. Mwamvua akashusha pumzi. Mzee huyu alimwosha mumewe kwa mikono yake; mbele yake nani angethubutu kufanya hila?

Lakini mzee alipofika kizingiti cha chumba cha kulala, akaona shuka na nguo za mjane, alistaghafiru akageukia ukuta. Mtu na heshima zake. Mwamvua, aliyejibanza ukumbini kajigubika, alisikia kitanda kikivutwa, sanduku likifunguliwa. Alitamani kumwambia, mzee, tazama, nakuomba utazame. Haya ikamzuia.

Wakatoka na dumu la petroli. Petroli, jamani, nyumba inayopikia mkaa, isiyo na pikipiki wala jenereta!

"Mzee Sadalla, umewaona wakilitoa humu?"

"Mwanangu, ningetazamaje chumba cha mjane aliye edani? Nilikusitiri."

"Basi waambie hukuona."

Mzee akamwangalia sajenti. Sajenti akamnyooshea karatasi na kalamu, akamweleza kwa upole kwamba mjumbe asiyetoa ushirikiano naye hupelekwa kituoni akahojiwe. Mwenye nguvu mpishe. Mzee akatia sahihi kwamba ameona kwa macho yake dumu likitolewa chini ya kitanda.

Mwamvua alitolewa mchana kweupe, eda haijaisha, mtaa mzima umejaa barazani. Uweso alikuwa amesimama na fundi wake, wanapima ukuta kwa tepu. Mjane alipokuwa anapandishwa garini mtandio ulimteleza ukaanguka, na mikono ilikuwa na pingu. Mzee Sadalla akawahi kuuokota, akamfunika kichwa bila kumgusa, macho yake chini.

"Jisitiri, mwanangu," akamwambia. "Watu wanakuona."