Upepo wa Kwenda na Kurudi

Kisahani cha mahesabu ya marubani hakina huruma. Unazungusha duara, unatia nukta ya penseli mahali pa upepo, unasoma jibu, nacho hakikuulizi nani anakusubiri.

Rubani mwanafunzi alikuwa peke yake darasani. Wenzake walishapaa, wawili wawili na vicheko vyao. Yeye alikuwa amejichagulia safari ndefu: aruke peke yake hadi kiwanja kidogo cha kwao, atue, kisha arudi. Huko angekuwepo baba yake, aliyemnunia tangu alipoacha uuguzi akakimbilia ndege. Baada ya kubembelezwa weee, mzee alikubali kwenda kumwona binti yake akitua.

Kwao hakuna pampu ya mafuta, kwa hiyo tangi moja lilipaswa kumpeleka na kumrudisha. Upepo wa asubuhi hiyo ulikuwa mkali, nao ungempiga puani njia nzima ya kwenda. Si kitu, alijiambia, wakati wa kurudi utanisukuma, ngoma droo. Wanagenzi wote hudhani hivyo. Kisahani kikamtoa ujinga: anayepigwa puani hukaa hewani muda mrefu, na haraka ya kurudi haifidii ule muda uliopotea. Mafuta yangetosha, lakini kwa kula akiba, na akiba ya rubani haiguswi.

Akarudia hesabu. Jibu lile lile. Kisha, Mungu amsamehe, akaisogeza nukta kidogo tu, unene wa ncha ya penseli, na safari ikawezekana. Akaitazama nukta ile ya uongo. Hapakuwa na mwalimu wala mwenzake wa kumwambia acha, na jambo hilo likamtisha kuliko fimbo. Akaifuta kwa kidole gumba, akapiga simu nyumbani.

"Mama, leo siji. Upepo mkali."

"Jamani! Baba yako kashatoka zamani. Shati kalipiga pasi mwenyewe, hakutaka nimsaidie."

"Basi ngoja nimpigie."

"Utampigia wapi? Simu kaiacha hapa mezani, makusudi. Kasema hataki kupigiwa aambiwe huji."

"Atasubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza liingie, mwanangu. Humjui baba yako?"

Alimjua. Akaiweka simu mezani, akalia kwa sauti katikati ya viti vitupu.