Ngazi za Zizi

Jengo la kupigia kura hapa Roma tunaliita Zizi, na ngazi zake za marumaru, za matajiri upande mmoja na za maskini upande wa pili, nilizichonga mimi, miaka kumi na tisa iliyopita. Jana tena sisi maskini tulisimama juani tangu alfajiri, maana matajiri huitwa kwanza. Saa sita mpiga mbiu akatangaza kwamba mshindi keshapatikana, turudi nyumbani.

"Ameshinda vipi na sisi hatujapiga kura?" nikamfokea.

"Mzee Numisi, kila mwaka swali hilohilo. Huchoki?"

Nikatema mate chini. Msimamizi wa jengo akanifuata. "Fundi, kesho njoo na patasi. Ngazi za matajiri zimelika."

"Na zetu?"

"Zenu zina shida gani? Zinang'aa kama siku ulipozichonga."