Vidonge vya Macho vya Melania

Mchele aliouchagua Melania asubuhi kwa macho yake yenye ukungu ulikuwa bado na mawe, na binti yake Noela alilitafuna moja wakati wa chakula cha mchana. Alilitema, akasukutua, akaenda sokoni Katoro kwa Raudha, muuza dawa lishe.

Raudha alimwambia ukweli. "Hivi vidonge vinasaidia macho ya mtu mzima yasichakae haraka. Lakini mtoto wa jicho hatoki kwa vidonge, huyo anatolewa hospitali. Na mama ale mchicha, mboga ya nsansa na dagaa."

"Hospitali tutaenda baada ya mavuno," alisema Noela, akachukua kopo.

Melania alimeza kidonge kila baada ya chakula. Kopo halijaisha, macho yake yakabadilika. Nyuso za watu zilibaki kwenye ukungu uleule, na mawe ya kwenye mchele hakuyaona. Ila ardhi ikawa angavu kwake kama maji ya kisima kilichotulia. Aliona mizizi ya mpapai, bomba lililopasuka chini ya barabara, na mifupa ya mbwa wa jirani. Noela alimpelekea Raudha habari hizo. Raudha akasema kila mwili hupokea kivyake, asiache kumeza.

Tangu hapo Melania hakukaa mahali pamoja. Alizunguka mji mzima kichwa kimeinama, bodaboda zikimkwepa. Alikuwa na mtoto wa kiume, Bujiku, aliyechimba dhahabu kwenye duara, shimo alilolimiliki Pantaleo nje ya mji. Msimu wa mvua uliopita shimo hilo lilititia. Pantaleo alisema hakukuwa na mtu ndani, kwamba Bujiku alishahamia Runzewe bila kuaga. Kifusi kikaachwa, duara jingine likafunguliwa pembeni.

Melania alifika machimboni saa ya chai, akapanda juu ya kifusi, akatazama. Bujiku alikuwa huko chini, nyuma ya nguzo za miti zilizovunjika. Alikuwa amekufa, hilo halikuwa na ubishi, lakini hakuwa ametulia. Alikuwa akienda na kurudi kwenye kipande cha shimo kilichobaki, tochi ikiwaka kichwani, akipapasa ukuta.

Pantaleo alikuwa kwa mama ntilie, anakunywa chai.

"Shikamoo, Mama Bujiku."

"Marahaba. Mwanangu hayuko Runzewe. Yuko hapo chini."

Pantaleo aliweka kikombe. "Una hakika ni yeye?"

"Namjua anavyotembea."

"Na mwamba wenye dhahabu, unauona?"

"Nauona. Mtoe mwanangu, nikuonyeshe."

"Tuonyeshe kwanza, mayu, mama yetu. Tukifika kwenye mwamba, kwake si mbali."

Melania aliondoka. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alimsikiliza vizuri, akamkaribisha hata maji. Kisha akasema inajulikana kwamba Bujiku amehama, na mtu aliyehama hafukuliwi. Basi Melania akarudi machimboni, akanyoosha kidole.

Waliukuta mwamba palepale. Karasha zikaanza kusaga mawe bila kupumzika. Kati ya wachimbaji na Bujiku ulibaki ukuta mwembamba, hata Bujiku akasikia sururu, akaacha kuzunguka. Melania alimwona anaweka kiganja ukutani.

"Hapo!" alipiga kelele kutoka juu. "Ongezeni kidogo tu!"

Pantaleo aliwaambia vijana wageukie kushoto. Kulia, upande wa Bujiku, udongo ulikuwa mlegevu, na dhahabu ilielekea kushoto.

Chini, Bujiku alingoja. Kisha akaanza tena kwenda na kurudi.

Noela alikuja kumchukua mama yake. "Twende nyumbani, mama. Umeshamwona."

"Nikienda, nani atamwangalia?"

Sasa Melania anakaa juu ya kifusi, chini ya turubai aliyofungiwa na Pantaleo. Vidonge vyake pia ananunua Pantaleo, na huwa havikosekani. Hospitali hakuna anayeitaja tena. Melania hupewa kigoda, lakini hakikalii kwa muda mrefu. Bujiku akienda, naye huenda. Akirudi, naye hurudi.

Kila asubuhi wachimbaji humpitia kabla ya kushuka.

"Mwangaluka, mayu. Leo yuko upande gani?"

Melania huinama na kutazama. "Yuko kwenye pembe, amechuchumaa. Msipige sururu kwa nguvu, mnamshtua."

"Sawa, mayu," husema, kisha hushuka na kuchimba upande mwingine.