Mikono Kumi na Minne

Nitasema mapema, nisije nikaonekana mtakatifu: nilimwonea wivu Kasiana. Wala haukuwa wivu wa kuja na kupita. Ulikuwa ule wa kumkaa mtu kooni mpaka chai haishuki.

Kwa miaka kumi na miwili mimi, Notburga, mama yake Hilda, ndiye niliyeshona magauni ya komunyo ya kwanza katika parokia yetu. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Bashiru, muuza vitambaa wa hapa Majengo, na kila Mei akina mama walinijazia baraza na mabinti zao wa kupimwa. Jumapili ya Ekaristi nilikuwa nakaa benchi la mbele, nikitazama kazi yangu ikipita kwenda altareni. Nakiri, kuna miaka niliyatazama magauni kuliko Ekaristi yenyewe.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, ya biashara huria, na mitumba ikaja nayo. Kasiana alihamia kutoka Hanga na mumewe na mtoto wao Leo, akatandika turubai ng'ambo ya barabara, akafungua robota mbele ya macho yangu. Alikuwa na sauti ya kuita wateja na sauti ya kuimba, na zote mbili Mungu alimjalia bila kubana. Mwaka haukuisha akawa mwimbishaji wa jumuiya yetu. Ikawa Mama Leo kasema hivi, Mama Leo kasema vile, utadhani kabla yake sote tulikuwa mabubu. Hata salamu zake ziliniudhi. "Shikamoo dada!" alipaza sauti kila asubuhi kutoka ng'ambo, nami naitikia marahaba huku nimebana pini kwa meno.

Mwaka huo robota lake likatoa magauni saba meupe ya watoto. Laini, yana lesi kifuani ambayo mimi fundi sijawahi hata kuishika. Akina mama wakayagombania. Waliobaki wakawaazimia mabinti zao magauni ya dada zao. Mimi nilikuwa nimeshona matano kabla hata ya kuagizwa, kwa kujiamini kwangu, nikayatundika mlangoni kwa Bashiru. Yalikaa pale yakila vumbi.

Lakini niliona jambo ambalo wao hawakuliona. Magauni ya Kasiana hayakuwa na mikono, kamba tu juu ya mabega. Na parokia yetu ilikuwa na sharti kwamba binti wa komunyo avae mikono inayofika kwenye viwiko. Sharti hilo halikuandikwa popote. Kila mwaka katekista Tadei alinikumbusha mimi basi, kwa kuwa magauni yote yalipita kwangu. Na mwaka huo alipita barazani akasema, "Mama Hilda, mikono usiisahau. Na wengine uwaambie."

"Nitawaambia, katekista," nikajibu.

Ng'ambo, Kasiana alikuwa anamkunjia mteja gauni la pili. Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Sikumwambia. Wiki tatu nzima, sikumwambia. Alinisalimu nikaitikia. Tulisali pamoja kwenye jumuiya, akanipa mkono wa amani, nikaupokea. Moyoni nilikuwa naisubiri Ijumaa ya mazoezi kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Ijumaa ikafika. Tadei aliwapanga mabinti mlangoni mwa kanisa, akawatoa saba pembeni. "Wenye mabega wazi hawapokei," akasema. "Kama hakuna gauni jingine, ni mwakani." Watoto wakaangua kilio. Mama zao wakamgeukia Kasiana aliyekuja na mwanawe Leo kusikiliza mazoezi. Mmoja akamwita tapeli. Mwingine akasema ndiyo shida ya watu wa kuja.

"Sikujua jamani," Kasiana alikuwa anasema. "Haki ya Mungu, sikujua."

Raha niliyoingoja wiki tatu ilidumu labda muda wa Baba Yetu moja. Kisha binti wa muuza vitumbua akavua gauni lake pale pale, akabaki na shimizi katika baridi ya Juni. Akalikunja vizuri, akamrudishia Kasiana kwa mikono miwili. Hakulia. Nikarudi nyumbani nikiambaa na kuta.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuungama. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Kasiana, macho yamevimba. Aliingia, akatoka upesi mno. Nikawaza, hata dhambi zake ni chache kuliko zangu! Nikapiga magoti na wivu huo mpya kabisa. Nilianza na huo, nikarudi nyuma mpaka nikayamaliza yote.

"Mabinti wangapi?" Padre Aidani akauliza.

"Saba, padre."

"Basi malipizi yako si Salamu Maria. Ni mikono kumi na minne, kabla ya misa ya kesho."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bashiru, nikamwomba popilini nyeupe. "Imekwisha, mama," akasema. "Nyeupe niliyobaki nayo ni bafta ya sanda." Tukatazamana. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, lakini hilo halikuhitaji maelezo. Hakuna mama ambaye angekubali mwanawe apande altareni amevaa mikono ya kuzikia. Nikainua macho. Magauni yangu matano yalikuwa yananing'inia juu yetu.

Sisemi kwamba niliyakata kwa furaha. La kwanza nililishusha, nikalirudisha, nikalishusha tena. Nilikata kwa hasira, nikimwambia Mungu kwamba anampendelea Kasiana na anajua. Lakini mkasi ulipofika mwisho wa kitambaa nikajikuta ninapumua, pumzi ndefu, ya kwanza tangu mwezi wa tano. Nikavuka barabara.

Kasiana alikuwa ameketi kwenye turubai, magauni yote saba aliyorudishiwa yako magotini. "Lete," nikamwambia. "Nayatia mikono." Akanikumbatia, akalia begani kwangu. "Dada, wewe umetumwa na Mungu. Mtu mwingine angenicheka."

Habari zikasambaa. Kufikia saa nane baraza lilikuwa limejaa akina mama wakinisifu, huyu ananiletea chai, yule ananipepea kana kwamba kuna joto. Sifa nilizozililia tangu Kasiana afike Majengo, ndizo hizo, zote zangu. Na padre hakuniagiza niseme neno kwa mtu yeyote. Ningenyamaza tu, ningebaki mtu mwema mpaka kufa.

Kwenye mkono wa tisa uzi ulikatika mara tatu. Wenzetu walikuwa wamekwenda kupika, Kasiana peke yake amebaki akinipunguzia nyuzi kwa mkasi. Nikashika gurudumu la cherehani likasimama.

"Mama Leo, nilijua."

"Ulijua nini, dada?"

"Sharti la mikono. Tadei aliniambia mwezi wa tano, akaniagiza niwaambie wote. Nilinyamaza makusudi, ili uaibike."

Aliweka mkasi chini. Alinitazama mpaka nikatazama pembeni. "Waliniita tapeli mbele ya mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. Akajitanda khanga yake, akavuka barabara. Mkono wa tisa na mitano iliyobaki niliishona peke yangu.

Jumapili mabinti wote saba walipanda altareni wakapokea. Mimi nilikaa karibu na mlango. Nilipokea pia, nikarudi mahali pangu, nikaanza kushukuru. Wakati wa matangazo nikamwona Kasiana anatoka kwenye kwaya na kwenda mbele. Nikajua yamekwisha. Sasa parokia nzima itasikia.

"Watoto wetu wamepokea leo kwa sababu ya dada Notburga," akasema. "Amekata magauni yake mwenyewe ili kuwatia mikono."

Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Hakutabasamu. Kinywa chake kilifunguka, nikaona neno limefika kabisa mdomoni. Akakifunga.

"Ni hayo tu," akasema, akarudi kwenye kwaya.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele, nami nikainamisha kichwa nikalia. Mimi nilinyamaza ili yeye aanguke. Yeye, uchungu ukiwa bado haujamtoka, amenyamaza ili mimi nisianguke. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Kasiana dakika ile. Nilikitaka alichokuwa nacho, nilikitaka kuliko sauti yake, kuliko wateja wake wote, na kwa mara ya kwanza sikutaka anyang'anywe yeye ndipo nipewe mimi. Wivu huo sikuupeleka kuungama.