Karatasi ya Tatu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Septemba 1981, Peugeot nyeupe ilisimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanamkuu, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Dereva hakuzima injini. Petroli ilikuwa ya mgawo, na watu waliopanga foleni ya unga ng'ambo ya mtaa waligeuka wote kulitazama gari linalounguruma bure.

Aliyeshuka ni Severine Mkude, meneja wa usafiri wa Ostervik, kampuni ya kigeni iliyokuwa ikijenga barabara kusini. Alimtaka mpangaji wa chumba cha pili, Pantaleo Haule, rubani msaidizi wa shirika la ndege la taifa. Kabla hajafika mlangoni, Bi Mwanamkuu alikuwa amekwisha kutoka na daftari lake. Alikuwa mwenye nyumba, na pia mjumbe wa nyumba kumi.

"Mgeni anaandikwa," alisema. "Jina?"

"Nakaa dakika mbili tu, Bi."

"Hata mwizi hakai zaidi ya hapo. Jina?"

Severine alitaja jina, akamkabidhi Pantaleo bahasha. Kampuni ilikuwa na ndege moja ya injini mbili na viti vinane, na ilitaka rubani. Angekuwa kapteni tangu siku ya kwanza. Angepewa nyumba Oysterbay na gari. Jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana Ijumaa, na Jumatano kungekuwa na safari ya majaribio.

"Na Sadalla?" Pantaleo aliuliza. Sadalla ndiye aliyekuwa akirusha ndege hiyo. Walifahamiana kwa kusalimiana tu, uwanjani.

"Amerudi kwao Kilwa. Baba yake mgonjwa."

Pantaleo alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Jioni ile alichukua karatasi, akapiga mstari katikati. Kulia aliandika kampuni, kushoto shirika. Ili aruhusiwe kufanya mtihani wa ukapteni shirikani alihitaji saa elfu moja na mia tano angani. Alikuwa nazo elfu moja mia moja thelathini na sita. Mwezi wa Agosti alikuwa ameruka saa kumi na nne, kwa sababu ndege nyingine zilikuwa chini zikisubiri vipuri. Kwa mwendo huo angesubiri miezi ishirini na sita. Kampuni ilikuwa ikiruka saa sitini kwa mwezi. Angesubiri sita.

Mkewe, Candida, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama.

"Baba Selina, sabuni hujaiandika."

"Hii ni hesabu ya kazi."

"Na mimi nakwambia ya nyumbani. Wiki ya tatu nafua kwa majani ya mipapai. Hao wazungu wana duka lao. Mimi sitaki ndege, nataka sabuni."

"Na nikianguka?"

"Kwani za shirika zina kamba ya kuzishikilia juu?"

 Pantaleo aliandika neno sabuni upande wa kulia.

Jumanne, kwenye kantini ya uwanja wa ndege, alimwonyesha barua pamoja na karatasi yake ya hesabu Augustino, rubani msaidizi mwenzake.

"Wewe nenda," Augustino alisema. "Ukienda napanda nafasi moja kwenye orodha. Nitakuombea kila Jumapili."

"Sema kweli."

"Kweli?" Augustino alisogeza kikombe. "Hapa fundi akisema ndege haitoki, haitoki. Hata waziri atakaa na mkoba wake. Ofisa wa mizigo akisema kilo zimezidi, zinashuka. Wewe hapo hujafungua mdomo. Kule fundi ni nani? Mwajiriwa. Ofisa wa mizigo? Hakuna. Bosi amekaa kiti cha pembeni yako, goti kwa goti, na ana mkutano saa nne. Utamwambia haturuki?"

"Nitamwambia."

"Mara ya kwanza utamwambia. Nakujua. Mimi naiulizia mara ya kumi na tisa, kapteni wa sabuni."

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Pantaleo alifika kwenye banda la kampuni, pembeni mwa uwanja. Safari ilikuwa ya kambi ya barabara karibu na Nachingwea, kwenda na kurudi. Kiti cha pembeni alikaa Bwana Holm, mhandisi mkuu, mtu mrefu asiyesema sana. Leseni yake ilikuwa ya kuruka peke yake kwa starehe, bila abiria, lakini mikono yake haikukaa mbali na usukani.

Mezani palikuwa na karatasi za uzito. Karatasi ya uzito huonyesha kilo za abiria, mizigo na mafuta. Rubani akishaisaini, ndege na vilivyomo ni dhamana yake. Shirikani, rubani msaidizi husaini tatu kila asubuhi kabla ya jambo lolote: ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba, ikitokea moja kuloa au kukosewa. Ofisa wa mizigo hujaza kilo, naye husaini. Kapteni husaini mwisho. Bila saini zote tatu haina maana. Ya akiba huchanwa jioni mbele ya wote.

Pantaleo alisaini tatu. Mkono ulikuwa umefanya hivyo kwa miaka mitano. Bwana Holm aliziangalia, akachukua ya tatu, ambayo haikuwa imejazwa, akaipenyeza chini ya nyingine kwenye faili. Karatasi za Ostervik zilikuwa na nafasi ya saini moja tu.

Faili lilibaki wazi kidogo. Karatasi ya juu iliandikwa tarehe 9 Septemba, na ilikuwa na saini ya Sadalla. Pantaleo aliiona, akaendelea na kazi.

Mzigo ulikuwa makreti sita yaliyopigwa misumari. Kwenye karatasi kila kreti liliandikwa kilo sitini. Kila moja lilibebwa na watu wanne, na walipumzika mara moja kabla ya kufika mlangoni mwa ndege.

"Yapimwe," Pantaleo alisema.

"Yamepimwa ghalani," Severine alisema. "Mizani tumeazimisha."

"Nani ameazima?"

"Kapteni, jua linapanda. Joto likizidi ndege inakuwa nzito zaidi, si ndiyo? Wewe ndiye mtaalamu."

Pantaleo aliamuru makreti mawili yashushwe. Bwana Holm alitazama saa yake, akakubali. Ndege hiyo, kwa kilo zilizoandikwa, ilipaswa kuacha ardhi baada ya mita mia sita. Ikiwa na makreti manne tu, iliacha ardhi baada ya mita mia nane na hamsini. Pantaleo alihesabu taa za pembeni ya njia. Safari ilikwenda na kurudi bila tatizo.

Ilikuwa saa moja jioni, akinawa mikono uani, alipokumbuka kwamba karatasi ya tatu haikuchanwa.

Alhamisi alirudi kutoka kazini na kumkuta Bi Mwanamkuu barazani akichambua mchele. Alimwamkia, akakaa.

"Marahaba. Naona watu wa ndege mnaandamwa na magari," alisema. "Juzijuzi nilikuwa na msiba wa mwenzenu Magomeni. Mama yake nimesoma naye chuoni."

"Mwenzetu nani?"

"Sadalla. Huyu wa ndege ndogo. Homa ilimlaza siku sita, hakuinuka. Tulimzika Ijumaa ile ya tarehe nne, baada ya swala. Wewe hukusikia?"

"Una hakika na tarehe, Bi?"

"Mwanangu, kanga ya msiba niliifua Jumamosi, na Jumamosi hiyo maji yalikatika. Mimi nakosea mengine, siku ya maji sikosei."

Pantaleo aliingia chumbani na kuifuta meza. Hakuandika kitu chochote. Tarehe nne mtu alizikwa, na tarehe tisa ndege iliruka kwa saini yake. Maana yake Sadalla naye aliacha karatasi alizozisaini mapema. Maana yake pia kulikuwa na mtu aliyeirusha ndege siku hiyo, na jina la mtu huyo halikuandikwa mahali popote. Ndege ikifika salama, hakuna swali. Isipofika, mwenye kosa ni mwenye saini.

Alimweleza Candida yote kwa mpangilio. Candida alisikiliza mpaka mwisho.

"Yako iko wapi?"

"Kwenye faili lao."

"Basi mambo ya sabuni yaache. Kalete karatasi."

Ijumaa saa tano na nusu alipanda ngazi za ofisi ya Ostervik, juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Uhuru. Alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilikataa kazi. Ya pili ilisema kwamba karatasi ya uzito isiyojazwa, yenye saini yake, ni batili na irudishwe.

Severine alisoma ya kwanza, akaikunja. "Tulikuwa tumeshapaka rangi nyumba."

"Nataka karatasi yangu."

"Ipi?"

"Unaijua."

"Aa, ile. Iko kabatini. Ufunguo anao Bwana Holm, naye yuko kambini." Alitabasamu. "Una haraka gani? Ungekuja kazini, kabati lote ni lako. Njoo Jumatatu."

"Karatasi za Sadalla mlimrudishia Jumatatu gani?"

Severine aliacha kutabasamu.  Kisha alichukua mhuri, akaugonga kwenye nakala ya barua ya pili, akaandika tarehe na saa. 

"Imepokelewa," alisema. "Kwaheri, Ndugu Haule."

Kutoka hapo Pantaleo alikwenda kwa miguu hadi Posta, kwenye ofisi inayosimamia leseni za marubani. Karani alipokea nakala nyingine ya barua ya pili, akaigonga mhuri, akaiweka kwenye trei. Mkuu wake alikuwa Dodoma mpaka Jumatatu.

Jumamosi Pantaleo alikuwa na zamu ya shirika. Saa moja na dakika kumi asubuhi aliingia kwenye chumba ambamo marubani huacha mipango ya safari na karatasi za uzito. Karani wa zamu, Angelina, aliinua uso, akacheka.

"Kapteni Haule! Umesahau nini tena? Au umeruka kwa mwavuli?"

"Sijaruka."

"Si umeondoka saa kumi na mbili na dakika hamsini, na ndege ya wale wa barabara? Hongera ya kazi mpya, mzee. Hata kutuaga?"

"Nionyeshe."

Alimpa nakala ya karatasi ya uzito. Tarehe ilikuwa 19 Septemba. Abiria wanne. Mzigo: makreti sita, kilo mia tatu na sitini. Kilo na tarehe ziliandikwa kwa mkono ambao Pantaleo hakuujua. Saini ilikuwa yake.

"Nani ameileta?"

"Yule Bwana Severine. Alisema umeshapanda." Angelina alikuwa ameacha kucheka. "Kapteni, nani yuko juu?"

Pantaleo alipanda mnara wa kuongozea ndege na karatasi hiyo mkononi, pamoja na nakala ya barua yenye mhuri wa Ostervik. Mwongozaji wa zamu, Rajabu, alisoma zote mbili mara moja, kisha akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Iulize ile ndege jina la rubani," Pantaleo alisema.

"Huwa hatuulizi."

"Leo iulize."

Rajabu aliita. Ulisikika mkwaruzo tu. Aliita mara ya pili, akasubiri, akaongeza sauti ya spika. Saa moja na dakika thelathini na moja ndege ilijibu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, si ya Bwana Holm na si ya mtu yeyote ambaye Pantaleo aliwahi kumsikia. Ilisema rubani ni Haule. Rajabu aliitaka irudie. Sauti ilirudia polepole, herufi moja baada ya nyingine, na Rajabu akaziandika zote tano kwenye daftari la mnara.